Kupigwa Kabari na Mwalimu wa Historia

Ijumaa, saa tatu usiku, muda ambao mtu mwenye akili zake ameshavua viatu na kuagana na dunia, ujumbe uliingia kwenye kundi la wazazi. Jumatatu kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza aje na kibao cha udongo kilichoandikwa kwa mwandiko wa kikabari. Kazi ifanywe na mwanafunzi mwenyewe. Chini yake mwalimu wa Historia, kijana mwenye ari ambayo maisha hayajamnyang'anya, akaweka ile picha ya viganja viwili vilivyokutana, kana kwamba ametuombea dua.

Mimi nakaa Mbagala. Huku kwetu kabari tunaijua sana, ila si ya kuandikia. Kabari ni ile unayopigwa ukishuka daladala ya mwisho: mkono wa mtu usiyemfahamu unapita chini ya kidevu chako, na ukizinduka huna simu, huna pochi, kiatu kimoja nacho kimeondoka na wageni. Ipo na ya seremala, kipande cha mti kipana huku na chembamba kule, cha kupasulia gogo au kuzuia mlango. Sasa mwalimu anasema kwamba zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kusini mwa nchi ambayo leo ni Iraki, Wasumeri walianza mwandiko uliokuja kuwa na alama zenye umbo la hiyo ya seremala. Nikamwambia binti yangu asidanganyike. Hii ni ile ya daladala, imebadili ratiba tu.

"Kazi ifanywe na mwanafunzi mwenyewe." Hiyo sentensi naifahamu. Ndiyo iliyonifanya nijenge volkano ya makaratasi mwaka juzi. Ndiyo iliyonikesheza nikibandika ramani ya Afrika kwa maharage, na usiku wa kuamkia siku ya kukusanya panya wakala Jangwa la Sahara lote wakaanza na Sudani. Shemeji yangu wa Mwananyamala, ambaye mwanawe yuko darasa moja na wangu, alipiga simu dakika ile ile kunicheka. Yeye hana shida. Kinondoni, anasema, kuna vijana wanatengeneza kila kitu wanachodai walimu, elfu 15 tu, na wanakuuliza kabisa unataka kionekane kimefanywa na mtoto mwenye akili au wa kawaida.

Sina elfu 15. Kwa hiyo nikaanza na udongo.

Mbagala ni mchanga mtupu. Anayebisha aje achimbe choo. Mchanga wa kujengea tunao, na wa kuibiana tunao, lakini udongo wa mfinyanzi ni bidhaa ya kutafuta kama kazi. Jumamosi asubuhi niliteremka hadi Mto Mzinga, upande wa Kongowe, na ndoo. Nilichokuta ni tope jeusi lenye nepi, chupa, na ile mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku Juni 2019 lakini taarifa haijafika mtoni. Nikarudi na tope hadi magotini na ndoo tupu.

Wasumeri walibahatika. Mito ya Frati na Hidekeli ilikuwa ikifurika na kuwaachia tope laini, halina changarawe, linatandazika kama unga. Mawe hawakuwa nayo, miti ya maana hawakuwa nayo. Walikuwa na tope na matete, basi wakaandika kwa tete juu ya tope. Watu hawa wangezaliwa Kongowe ustaarabu wote ungeandikwa kwenye rambo.

Nikaenda soko la Rangi Tatu. Pale unapata kila kitu, kuanzia kamba ya ng'ombe hadi ng'ombe, lakini udongo nilioukuta ni mmoja tu: ule wa vipande vikavu wanaotafuna wajawazito. Mama muuzaji akaniuliza nataka wa shilingi ngapi. Nikasema kilo mbili.

Akaacha alichokuwa akifanya. "Kilo mbili! Hongera, baba. Ni mapacha?"

Nikamweleza kwamba si wa kula, ni wa kuandikia. Akanitazama kwa ile huruma anayotazamwa mwanamume ambaye mimba ya mkewe imemkaa yeye kichwani. Akaniongezea na vipande viwili vya bure.

Mama watoto wangu ana miaka 48 na mjukuu mmoja. Sijui habari za mtaani zinasafiri kwa njia gani, ila nilipofika nyumbani zilikuwa zimeshafika, zimekaribishwa na kupewa kiti. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa ndimu. "Baba watoto, Mangi ameniletea hizi. Anasema ni za kuzuia kichefuchefu. Naomba maelezo." Mangi ni muuza duka wetu, na jambo lililonitisha si ndimu. Ni kwamba alikataa kuziandika kwenye daftari.

Tukauloweka ule udongo kwenye beseni. Sasa hapa nina ugomvi na wahenga. Udongo uwahi ungali maji: nimeisikia kwenye harusi, kwenye mawaidha, kwenye vikao vya wazazi, na mimi mwenyewe nimeitumia kuwakaripia watu wenye watoto watundu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema maji kiasi gani! Ukiuwahi sana, unanata kwenye kijiti, ukiinua mkono unaondoka na herufi yako. Ukichelewa kidogo unapasuka kingo kama visigino vya mwezi wa saba. Kati ya hapo pana muda mfupi, na kwa jua lile la Mbagala la saa sita, nadhani ni robo saa. Methali yetu ni ya kweli, ila imeandikwa na mtu aliyekuwa akimtazama mwingine akifinyanga.

Aliyetuokoa ni fundi jirani, muashi, ambaye alikuja kudai pesa yake ya lipu ya mwaka jana. Akasahau kudai. Akachukua lile donge, akalikanda kwa kiganja kama anayekanda chapati, akalipiga chini mara tatu kutoa hewa, akaokota kokoto mbili na kipande cha ganda la konokono, akalipapasa. "Mzee wangu, hii ni niru tu. Ukiigusa ikaacha alama ya kidole lakini isikushike kidole, hapo andika." Huyu ndiye anayejengea makaburi huku kwetu, na jina la marehemu na tarehe huwa anaziandika kwa msumari saruji ikiwa bichi. Amemaliza darasa la saba. Katika mambo yote niliyosoma kwenye simu kuhusu waandishi wa Babeli, warithi wa Wasumeri, hakuna kilichozidi hayo aliyosema.

Kisha akakipa kibao umbo. Vibao vile vilishikwa mkononi, kushoto kibao, kulia kalamu, hivyo vingi havizidi ukubwa wa simu. Usoni ni bapa, mgongoni vimetuna kidogo, kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Upande wa mbele ukijaa, mwandishi anaendelea nyuma, lakini hageuzi kama ukurasa wa kitabu. Anapindua chini kwenda juu, kama kalenda ya ukutani. Kingo zake nazo huandikwa, maana udongo haupotezwi.

Pale Uru, mji wanaoutaja kanisani kila akisomwa Abrahamu, yamekutwa matofali ya kale yenye nyayo za mbwa aliyepita yakiwa mabichi. Hilo lilinipa faraja, na mtaona kwa nini.

Ikaja kalamu. Wazo langu lilikuwa vijiti vya mishikaki, na kwa kuwa muuzaji alikataa kuuza kijiti bila nyama, ikabidi ninunue mishikaki mitano, gharama ambayo sijarudishiwa na Wizara yoyote. Binti yangu akachora mstari. Udongo ukajikusanya pembeni kama tuta la viazi, mstari wa pili ukafukia wa kwanza, na kibao kizima kikaonekana kama kuku amechakura akitafuta mchwa. Ndipo nikasoma kwamba hata wenyewe walianza hivyo hivyo. Maandishi ya mwanzo kabisa, ya mji wa Uruk, yalikuwa na picha zilizochorwa kwa ncha, kichwa cha ng'ombe, suke la shayiri, samaki. Kuchora mviringo kwenye udongo ni adha, basi polepole wakaacha kuchora wakawa wanabonyeza, na samaki akageuka kuwa rundo la kabari ambalo hata samaki mwenyewe asingejitambua. Kwa hiyo mishikaki yangu haikuwa ujinga. Nilikuwa tu bado kwenye karne za mwanzo.

Hapo nikamkumbuka babu. Babu yangu alikuwa mwalimu wa chuo Kilwa Kivinje. Kila mtoto alikuwa na ubao wake wa mti, wino wa masizi, na kalamu ya mtete ambayo babu aliichonga mwenyewe kwa kisu kidogo asichokiazima kwa mtu. Somo likishahifadhiwa ubao unaoshwa, kesho unaandikwa upya. Kwa wagonjwa aliandika kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa kwa maji na maji yakanywewa, na mpaka leo sijaona maktaba nyingine inayonyweka. Nakumbuka alivyokuwa akisema kwamba si kalamu inayoandika, ni mkato. Neno lenyewe, kalamu, tumelitoa kwa Waarabu, nao wakalitoa kwa Wagiriki, na kwa Wagiriki *kalamos* ni tete. Sisi tunanunua kalamu za plastiki na kuziita tete miaka yote hii bila kujua.

Nikachomoa tete moja kwenye banda la kuku la jirani. Naomba radhi. Fundi akaikata kwa kisu ncha ikawa na pembe kali ya mraba, na hapo mambo yakafunguka. Siri yote ni hiyo pembe. Unaiweka kwenye udongo, unalaza kijiti kidogo, unabonyeza, unainua. Pale pembe ilipozama panatokea kichwa cha pembetatu, na pale ubavu wa tete ulipolala panatokea mkia unaofifia. Mguso mmoja, kabari moja. Hakuna kuvuta, hakuna kukwaruza. Ukilaza kijiti wima unapata ya kusimama, ukikilaza ubavu unapata ya kulala, ukibonyeza pembe peke yake unapata kipembe kifupi kisicho na mkia. Kwa hizo tu, na za mshazari, wakaunda alama mia kadhaa. Mimi nilijifunza kutumia simu ya kitochi nikiwa na miaka 35, na ninakuambia kazi ni ile ile: bonyeza, inua, bonyeza, inua, kidole kinauma.

Binti yangu ni mashoto. Kabari zake zote zilitazama mashariki. Kumbe kwa kawaida kichwa cha kabari hukaa juu au kushoto, mkia ukaenda chini au kulia, kwa sababu ndivyo mkono wa kulia unavyoangukia. Mashoto wa Babeli walifanyaje, hiyo waulizwe wao. Wangu alilia kidogo, kisha akagundua kwamba akikizungusha kibao badala ya kuzungusha mkono kinamtii. Huo ni ugunduzi wa mtoto wa Mbagala, na nimeuandika hapa ili usije ukaibwa na mtu wa Kinondoni.

Swali likawa tuandike nini. Nilipendekeza "Karibu Mbagala". Binti akanitazama kama wanavyotazama siku hizi, akasema, "Baba, vibao vya zamani kabisa ni hesabu. Shayiri, bia, kondoo, posho za vibarua. Tuandike deni la Mangi."

Nilikaa chini. Maisha yangu yote nilidhani waanzilishi wa maandishi walikuwa manabii, au washairi, au angalau mtu aliyempenda mwanamke wa mbali. Kumbe alikuwa Mangi! Mtu fulani Uruk alikunywa bia akasema nitalipa mwisho wa mwezi, na mwenzake, badala ya kumwamini, akavumbua maandishi. Ushairi ulikuja baadaye sana, daftari likiwa limeshajaa.

Deni langu kwa Mangi ni shilingi 46,000. Binti akaanza kuligeuza kwa hesabu ya Wababeli, ambao hawakuhesabu kwa makumi na mamia kama sisi, bali kwa sitini sitini. Ndiyo maana saa yako ina dakika 60. Kabari moja iliyosimama ni 1, kipembe ni 10. Kundi la kulia kabisa ni shilingi moja moja, la katikati kila moja ni 60, la kushoto kila moja ni 3,600. Elfu 46 ikagawanyika kuwa 12, na 46, na 40. Nikapiga hesabu kwa simu mara tatu, nikitumaini kwa Kibabeli limepungua. Halikupungua hata senti. Lakini tazama ustadi wao: kipembe kimoja na kabari mbili, vipembe vinne na kabari sita, vipembe vinne. Miguso 17 tu, na umemalizana na elfu 46. Mangi hutumia mistari mitatu na matusi kidogo pembeni.

Mazoezi yalikula Jumamosi yote iliyobaki. Shule za waandishi wale ziliitwa kwa Kisumeri *edubba*, nyumba ya vibao, na Kiswahili chetu kimelipatia jina hilo maana mbili kwa pamoja, kwa kuwa pale ulipewa kibao cha kuandikia na ukazabwa kibao cha shavu. Kuna hadithi ya Kisumeri, msomi Samuel Noah Kramer aliichapisha mwaka 1949, ya mwanafunzi anayechapwa kutwa: kachapwa kwa kuongea, kachapwa kwa kutoka nje, kachapwa kwa mwandiko mbaya. Anarudi nyumbani anamwambia baba amwalike mwalimu chakula. Mwalimu anakuja, anakalishwa mahali pa heshima, anakula, anavishwa nguo mpya na pete. Ghafla mtoto ana kipaji. Hiyo ni karibu miaka 4,000 iliyopita. Siku hizi inaitwa mchango wa mahafali.

Kwenye mji wa Nippur napo palifukuliwa nyumba moja iliyokuwa shule, yenye vipande vya vibao karibu 1,400, pamoja na mahali maalumu pa kurudishia vibao vilivyotumika vilowekwe vifinyangwe tena. Mwanafunzi alianza kwa kabari tupu, ya kusimama, ya kulala, ya mshazari, kutwa, kabla ya kuruhusiwa neno. Halafu mwalimu anamwandikia mfano kwenye kibao cha duara kama andazi, naye ananakili. Amekosea? Udongo unarudi kwenye maji, hakuna ushahidi. Madaftari ya binti yangu yamejaa ushahidi na kila moja ni shilingi 2,000.

Saa mbili usiku, kazi ikiwa karibu kwisha, umeme ukakatika. Nikatoa maneno ambayo hayafai kwenye safu hii, nikawasha tochi ya simu nikaiweka mezani, pembeni ya kibao. Na hapo, wallahi, kabari zote zikainuka. Chini ya taa ya darini zilikuwa vijishimo tu visivyosomeka. Mwanga ulipokuja wa ubavuni kila kabari ikapata kivuli chake na mwandiko mzima ukasimama. Binti akasoma: kumi na mbili, arobaini na sita, arobaini. Huu mwandiko hauna wino. Wino wake ni kivuli. Wataalamu wa majumba ya makumbusho nao huvisoma hivyo hivyo, taa upande. Nimekosa la kumlaumu aliyekata umeme, jambo ambalo limeniudhi zaidi kuliko giza.

Tukakiacha kwenye baraza kipumue. Alfajiri ya Jumapili kuku wa jirani, yule niliyembomolea banda, akaja kudai haki yake. Akapita juu. Mguu wa kuku ni kabari tatu zilizokutana, mwandishi kamili aliyezaliwa na kalamu zake, na alikanyaga kundi la katikati. Kabari tatu kwenye safu ya sitini: kuku ameniongezea deni shilingi 180. Bahati udongo ulikuwa bado, binti akalainisha kwa kidole gumba kama walivyofanya wenyewe walipokosea, akabonyeza upya.

Kuhusu kukausha nitasema machache kwa sababu bado inauma. Kibao cha kwanza, kile cha mazoezi, nilikiweka kwenye jiko la mkaa kikiwa na maji ndani. Kililipuka. Kipande kiliingia kwenye mchicha. Kumbe vibao vingi havikuchomwa kabisa, vilianikwa tu. Na vingi vilivyoiva sawasawa viliiva kwa bahati mbaya, nyumba ilipoungua. Mji wa Ninawi ulichomwa mwaka 612 KK, na maktaba ya mfalme Ashurbanipal ikaporomoka ndani ya moto. Ingekuwa ya karatasi tusingejua hata kama ilikuwepo. Ya udongo ikaiva, na vipande zaidi ya 30,000 viko British Museum, London. Sehemu ya maktaba hiyo ilifukuliwa mwaka 1853 na Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, ambaye miaka kumi na moja baadaye Waingereza walimtuma huku kwetu Afrika Mashariki, Uhabeshi, kupeleka barua ya Malkia kwa mfalme Tewodros. Akafungwa minyororo kwenye ngome ya Magdala, asitoke hadi Aprili 1868. Barua za udongo zilimpa jina, ya karatasi ikampa pingu.

London hiyo hiyo kuna kibao cha miaka kama 3,750, kirefu kidogo kuliko kiganja, alichoandika mteja aitwaye Nanni kwa mfanyabiashara wa Uru, Ea-nasir. Nanni analalamika kwamba ameuziwa shaba mbovu na mjumbe wake amedharauliwa. Anajaza mbele, anajaza nyuma, hasira haijaisha. Huyu namhesabu kuwa babu yangu kikazi. Mimi huandika malalamiko yangu kwenye simu na fundi wa mabati ananizuia namba, basi, yamekwisha.

Jumatatu kibao kikaenda shuleni kimefungwa kwenye kanga. Mwalimu akafurahi kupita kiasi. Akakipeleka kwa mfinyanzi wa kweli kikachomwa kikawa chekundu, kinalia kama chungu, akakiweka kwenye kabati la vioo karibu na ofisi na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili safi: hati ya deni la duka, Mbagala, shilingi 46,000. Kile cha shemeji, cha elfu 15, kina maandishi mazuri mno ila yote yamekwaruzwa kwa msumari na sasa kina nyufa. Sikusema kitu. Nilipiga tu picha nikaituma kwenye kundi la ukoo.

Kisha ikaja mvua. Maji yakaingia dukani kwa Mangi usiku, daftari likalowa, na wino ukatiririka. Madeni ya mtaa mzima, ya miezi minane, yakaenda baharini kupitia Mto Mzinga. Watu walikwenda kumpa pole kwa nyuso ambazo sijawahi kuziona zikiwa na huzuni nzuri namna ile. Mimi nami nikaenda. Mangi akanishika mkono, akasema, "Wewe mzee wangu la kwako halina shida. Mwanangu anasoma shule ile ile. Amelipiga picha."

Nimelipa. Jumamosi iliyopita, elfu 46 taslimu, mtu pekee katika mtaa wote. Na kwa kuwa sasa najua mambo, nikaenda shuleni kudai utaratibu wa Babeli ufuatwe: deni likilipwa, kibao kinavunjwa. Ndivyo ilivyokuwa, na wenyewe kusema "kuvunja kibao" ilikuwa ndiyo kusema deni limekwisha. Mwalimu amekataa. Anasema sasa ni kifaa cha kufundishia.

Mwalimu, nakuomba hadharani, kivunje. Na wewe mama wa udongo pale Rangi Tatu, unayeniuliza kila nikipita: si mapacha. Hata mmoja hayupo.